Shangazi, nimlete mbwa huyu mume wangu akiwa safarini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Goba, kwenye nyumba yetu wenyewe ambayo bado tunaimalizia taratibu. Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, anapakia bandarini na kupeleka Lubumbashi. Akikwama kwenye foleni ya Tunduma au Kasumbalesa, mwezi unakatika hajarudi. Nyumbani nabaki mimi na binti yetu wa miaka tisa, na mara kwa mara mama mkwe, anayekuja kutoka Tanga kwa ajili ya kliniki yake.

Mwaka huu wezi wametuzoea. Walianzia kwa jirani, wakabeba mtungi wa gesi na masufuria ya jiko la nje. Kisha wakaja kwetu, wakang'oa mota ya kisima. Nilikuwa macho. Nilisikia bomba likigonga sakafu ya uani, nikamziba binti yangu mdomo asije akauliza kitu kwa sauti, tukakaa hivyo gizani mpaka walipoondoka. Tangu siku ile sipati usingizi wa maana. Jani la mgomba likitikisika, nimeshakaa kitandani.

Mume wangu nilimwambia mota imeibiwa. Akasema basi tununue mbwa, tena shepadi, yule mbwa wa Kijerumani. Akapata mtu Mbezi anayeuza watoto wa shepadi, akanitumia picha zao kwa simu. Wana wiki tano, na muuzaji anasema wamemaliza chanjo zote. Bei yake si ya mchezo, na natakiwa nikatoe advansi.

Kabla sijaenda, rafiki yangu akanieleza kuhusu kituo kinachotunza mbwa waliotelekezwa. Nikaenda kuangalia tu. Wengi ni mbwa wetu wa kienyeji, lakini yuko shepadi mmoja anayeitwa Simba, anakadiriwa kuwa na miaka minne. Wenyewe walikuwa wageni waliomaliza mkataba wa kazi wakarudi kwao. Ncha za masikio yake zimeliwa na nzi, zimeacha makovu meusi, na dada wa pale humpaka dawa kila asubuhi. Sasa Shangazi, binti yangu aliwahi kukimbizwa na mbwa akitoka shule. Akiona mbwa barabarani hujificha nyuma yangu. Siku ile alikaa chini mbele ya wavu, akaanza kumhadithia Simba mambo ya mwalimu wao wa hesabu. Simba akalaza kidevu mchangani akawa anamtazama. Mimi machozi yalinitoka.

Tumerudi pale kila tukipata nafasi. Dada wa kituo amenipa masharti: watakuja kuona nyumba na uzio, mbwa asifungwe mnyororo kutwa nzima, nisimuuze wala kumgawa, na nikishindwa nimrudishe kwao. Ameshahasiwa. Anasema utaratibu huo wameuiga kwa vikundi vya Uingereza vinavyookoa mbwa wa mbegu moja moja. Akaniambia pia kwamba Simba amezoea kulala ndani ya nyumba.

Nilimgusia mume wangu kwa simu. Alianza kwa kucheka, akamalizia kwa hasira. Anasema hawezi kuhojiwa na watu asiowajua kama mtu anayeposa. Anasema mbwa aliyetupwa hujui alitupwa kwa kosa gani, na kwamba mtoto wa mbwa atakua akitujua sisi, ila huyo mkubwa ana mwenyewe tayari. Mama mkwe naye nilipomtajia mbwa alisema nyumba yenye mbwa malaika wa rehema hawaingii, akaendelea kuchambua mchele wake. Sote ni Waislamu. Madrasa nilisoma, najua mate ya mbwa ni najisi, na najua pia kwamba mbwa wa ulinzi ana ruhusa.

Sasa kituo kimeniambia kuna familia nyingine imemuulizia Simba, nitoe jibu kabla mwezi haujaisha. Mume wangu ndiyo kwanza amevuka mpaka. Mama mkwe atakuja mwezi ujao. Moyo unaniambia nimchukue, upande wa nyuma wenye michongoma niuzibe kwa mabati, na mume wangu akirudi atamkuta, ataona alivyo mpole, atamzoea. Lakini naogopa. Nishauri.

Mama wa Goba

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa usiku ule.

Barua yako nimeisoma, nikarudi tena pale ulipomziba mtoto mdomo gizani. Kisha nikatafuta mahali ulipomsimulia mumeo jambo hilo, sikupaona. Ulimwambia mota imeibiwa. Yeye akasikia habari ya mota, akatafuta suluhisho la mota. Inawezekana kabisa kwamba huko aliko, amelala kwenye kibini foleni ya mpakani, hajui kwamba mke wake halali. Nalitanguliza hili kwa sababu naona wewe na yeye mnabishana kuhusu mbwa wa aina gani, kumbe mnajibu maswali mawili tofauti.

Nikikuelewa vizuri, mambo matatu yamefungwa pamoja. Unaogopa usiku. Binti yako amepata kiumbe aliyemtoa hofu. Na yupo mbwa asiye na kwao, na wewe umeshampenda. Yote matatu ni ya kweli na yana uzito. Ila yote umemtwika Simba, naye ni mbwa mmoja. Mbwa anayelaza kidevu chini kumsikiliza mtoto anaweza kuwa mlinzi mzuri, na anaweza pia asiwe. Wiki za kwanza katika nyumba ngeni, mbwa wengi hawabweki kabisa, wanajikunyata wakisoma mazingira. Watu wa vituo husema mbwa huhitaji siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea ratiba, na miezi mitatu ya kuona kwamba hapa ni kwake. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kukuonyesha kwamba Simba akifika leo, usiku wa leo bado utakuwa kama wa jana.

Mtoto wa mbwa naye haondoi hofu ya leo. Shepadi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili kukomaa akili na mwili. Na hapo kwa muuzaji kuna jambo limenishtua. Mtoto wa mbwa wa wiki tano hawezi kuwa amemaliza chanjo zote. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa, huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu. Tena wiki tano bado ni wa kunyonya. Inafaa akae na mama yake hadi wiki ya nane walau, maana hapo ndipo anapofundishwa na ndugu zake kwamba kung'ata kunauma. Simtuhumu mtu nisiyemjua. Ila kabla ya shilingi ya advansi kutoka, nendeni mkamwone mama wa watoto hao, na muombe kadi ya chanjo yenye tarehe na mhuri wa daktari wa mifugo.

Hoja ya mumeo usiitupe lakini. Ni kweli kwamba yale mbwa anayoyaona kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi hukaa naye maisha yake yote, na mtoto aliyelelewa vizuri kipindi hicho huwa rahisi kuishi naye. Anapokosea kidogo ni kudhani mkubwa hafungamani na watu wapya. Anafungamana. Na mkubwa ana faida ambayo mtoto hana: unachokiona ndicho ulichonacho. Shepadi wanasumbuliwa sana na ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, na kwa mtoto wa wiki tano huwezi kujua. Kwa mbwa wa miaka minne, daktari anamwona anavyoinuka na anavyotembea, na akihitaji picha anapiga.

Na swali lake la "alitupwa kwa kosa gani" mimi naliona la haki, hata kama lilikuja na hasira. Mbwa wengi wa vituoni hawana kosa lolote, wenyewe wamehama tu, kama ilivyo kwa Simba. Lakini lipeleke swali hilo hilo kwa dada wa kituo. Amewahi kung'ata? Akiwa anakula mtu akimkaribia anafanyaje? Kuku je, maana Goba kuku wa jirani hawajui mipaka? Akibaki peke yake analia? Amepimwa magonjwa ya kupe, ambayo joto hili la pwani linayalea mwaka mzima? Kadi yake ya kichaa iko wapi? Hili la kichaa usilionee haya kulirudia. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na wanne kati ya kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mbwa yeyote mtakayemchukua, binti ajue mapema: aking'atwa au kukwaruzwa asifiche, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu masharti yaliyomkera mumeo, labda yatapungua ukali akijua yanatoka wapi. Kituo cha Battersea cha London kilianza mwaka 1860 kupokea mbwa waliopotea, na baadaye kwa wenzetu vikazuka vikundi vya kuokoa mbegu moja tu, shepadi peke yao, au mbwa wa mbio waliostaafishwa peke yao. Sababu ni kwamba kila mbegu ina mahitaji yake. Shepadi alitengenezwa Ujerumani, mbegu yake ikaandikishwa mwaka 1899 na ofisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz, awe mbwa wa kukimbia na kondoo kutwa nzima. Ukimfungia uani bila kazi, anaibuni mwenyewe: atafukua, atabweka, atazunguka zunguka hadi nyasi ziishe. Wanaohoji wamewaona wakirudishwa, na kila anayerudishwa inakuwa vigumu zaidi kumpatia kwao. Hata sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimtese. Kwa hiyo fomu ile inamlinda mbwa, na inawalinda ninyi pia, maana mkishindwa mna pa kumrudisha. Muuzaji wa Mbezi sidhani kama atakupokelea.

Sasa nije kwenye mpango wako wa kumleta Simba mumeo akiwa njiani. Hapa nakuomba uchore picha pamoja nami. Malori hayaji saa nne asubuhi. Mumeo anaweza kufika saa nane usiku, amechoka, ana ufunguo wake, anafungua geti taratibu asiwaamshe. Uani yuko shepadi wa miaka minne ambaye hajawahi kumwona, na ambaye umekuwa ukimpongeza kila anapobwekea watu getini usiku. Huyo mbwa atafanya kile ulichomtaka afanye. Akimng'ata mwenye nyumba, hakuna kikao kitakachomtetea, na Simba ataondoka nyumbani kwa mara ya pili kwa kosa lisilo lake. Hata kama hamna kung'atana, kuna kile mumeo atakachokiona kabla ya kuona upole wa mbwa: kwamba jambo alilolikataa limefanyika akiwa hayupo. Mtu anayekaa mbali na kwake kwa wiki nyingi ana kidonda hapo, cha kuogopa kwamba nyumba inaendelea bila yeye. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu. Pengine ni mtu wa kusamehe haraka. Lakini jiulize kama anachotakiwa kusamehe ni mbwa tu.

Na hilo la "atamzoea" ulitazame pia kwa upande wa mama mkwe. Umeandika kama vile ameshakataa. Mimi nimesoma kwamba alisema neno akaendelea kuchambua mchele. Huko si kukataa bado, na wala si kukubali. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Hayo mnayajua wote wawili. Mtihani wenu uko pengine: Simba amezoea kulala ndani, na mama anaswali ndani. Mbwa wa uani mwenye banda lake, bakuli lake na bomba lake, mama anaweza kuishi naye. Mbwa anayekatiza mkeka wa swala, sidhani, na mimi singemlaumu. Muulize dada wa kituo bila kumficha: Simba anaweza kulala barazani au kwenye banda zuri lenye kivuli, au atalia usiku kucha? Na mama naye umuulize, si umtajie. Kama mnaye sheikh anayemwamini, nendeni pamoja.

Njia zilizopo ni zaidi ya mbili unazoziona. Unaweza kukiomba kituo kisubiri mpaka mume arudi, mwende wote, akae na Simba, amshike kichwa, ampe chakula kwa mkono wake, mbwa amjue kwa harufu kabla ya getini. Hatari yake ni kwamba ile familia nyingine itamchukua, na binti atalia. Lakini hebu fikiri: Simba akipata nyumba yenye ukuta kamili na watu wanaomlaza ndani kama alivyozoea, kuna aliyepoteza? Vipo vituo vinavyokubali mtu akae na mbwa kwa majaribio. Ukiuliza hutozwi kitu, ingawa majaribio yanaweza kumuumiza mtoto zaidi yakiishia kurudisha. Unaweza kumwachia mumeo achague mtoto wa mbwa, kwa muuzaji mwingine mwenye kadi zinazoeleweka, ukijua kwamba atakayemfundisha, kumsafisha na kukesha naye ni wewe. Na kuna njia ambayo haikuguswa na yeyote kati yenu: wale mbwa wa kienyeji uliopita mbele ya wavu wao. Nywele fupi, joto la Februari hawalijali kama shepadi, nyonga zao kwa kawaida hazina shida, na kubweka wanajua. Sijui kama mumeo ataridhika, maana jina la shepadi lina sifa yake mtaani. Mimi nawapenda sana hao, kwa hiyo neno langu hapo lipunguze kidogo.

Ipo pia njia ya kutoleta mbwa kwa sasa. Fedha ya advansi ingeweza kuanzisha ukuta wa nyuma na taa ya uani, na mjumbe wenu akaulizwa kuhusu ulinzi shirikishi. Ukuta huo utauhitaji kwa vyovyote. Mabati juu ya michongoma shepadi atayapita, na mbwa akitoka nje Goba hurudi na jeraha, au na malalamiko ya mtu aliyeng'atwa, au harudi. Lakini ukuta haumsikilizi mtoto wako akihadithia mambo ya hesabu, na hilo nalo naliona.

Ningekuwa na uwezo wa kukuomba jambo moja kabla mwezi haujaisha, ningeomba umpigie mumeo akiwa amepaki, si akiwa barabarani, na usianze na Simba. Anza na usiku wa mota. Mwambie ulivyofanya na mkono wako ulivyokuwa. Kisha muulize anaogopa nini akiwafikiria ninyi wawili peke yenu huko Goba. Wazo la mbwa lilitoka kwake, mwanangu; mtu asiye na hofu haanzi kutafuta mbwa akiwa Zambia. Halafu mpigie dada wa kituo umwambie ukweli kwamba nyumbani hamjaafikiana. Wanasikia hivyo kila siku, na wengi wao wanamwamini zaidi anayesema hivyo.

Niandikie mkishaongea. Na unieleze binti analala vipi siku hizi, maana usiku ule naye alikuwa macho, na kwenye barua yako hilo hukuligusia.

Shangazi